Mwongozo kamili wa kuainisha taarifa za UFO (vitu visivyotambulika angani): kutoka taa ya usiku hadi madai ya kuonana na viumbe

Fomu ninazoletewa na wasomaji wa Dodoma, Bahi, Chamwino na Kondoa hukwama mahali pamoja. Mtu kaona taa juu ya mlima saa mbili usiku, na mstari wa kwanza anaandika: "Niliona chombo cha viumbe wa sayari nyingine." Jibu limetangulia swali. Mwingine ana taarifa isiyo na tarehe wala upande wa anga, lakini anaipa daraja la juu kabisa la mambo yasiyoelezeka.

Kuainisha ni kuipa taarifa lebo mbili. Ya kwanza inasema shahidi anadai kaona nini, na kwa ukaribu gani. Ya pili inasema baada ya uchunguzi tumebaki na nini mkononi. Hazitegemeani kabisa: dai kubwa linaweza kuwa na ushahidi mwembamba, na taa ndogo tu ikawa na kumbukumbu nzuri kuliko zote. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, usiruke.

## Vifaa vya kuwa navyo

- Daftari la kurasa ngumu na kalamu ya wino. Penseli hufutika, na kufuta hakuruhusiwi hapa.
- Simu yenye dira na GPS.
- Stellarium, programu ya ramani ya nyota. Kwa satelaiti tumia tovuti ya Heavens-Above, kwa ndege Flightradar24. Flightradar24 huonyesha historia ya siku chache tu kwa asiyelipia, kwa hiyo usikawie.
- Futi ya kupimia na rula, kwa ajili ya alama za ardhini.
- Karatasi nyeupe za shahidi kuchorea.

## Hatua ya 1: Chukua maelezo kabla ya kuuliza

Salimia ipasavyo. Mzee ni shikamoo, na kijijini ukiweza kusema mbukwenyi, salamu ya Kigogo, mazungumzo yatafunguka haraka zaidi. Kisha mwache asimulie mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza, na wewe andika maneno yake kama yalivyo.

Mashahidi wakiwa wengi, waongee mmoja mmoja na wachore mmoja mmoja. Watu wakishakaa pamoja kwenye kibaraza wakasimuliana, unabaki na simulizi moja yenye midomo mitano.

Onyo: usitamke wewe kwanza maneno "chombo", "sahani" au "viumbe". Na usiandike jina la jirani yeyote anayetajwa kwamba "ndiye mwenye ungo". Kwetu taa ya usiku inaweza kugeuka tuhuma ya uchawi kabla hakujapambazuka, na bibi kizee asiye na hatia akaumizwa. Ukisikia tuhuma ya namna hiyo inapamba moto, acha daftari, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au polisi.

Umefaulu kama: una ukurasa wa maneno ya shahidi usio na hata neno lako moja.

## Hatua ya 2: Funga saa, tarehe na mahali

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na kosa lenyewe ni dogo.

Programu za anga husoma saa 24. Shahidi akisema saa mbili usiku, ingiza 20:00. Saa kumi alfajiri ni 04:00. Wasomaji kadhaa huingiza 2:00, programu inawaonyesha anga la saa nane usiku, hawakuti chochote, wanaandika "haijulikani". Ukikuta tovuti inatumia saa ya kimataifa ya UTC, kumbuka sisi tuko mbele kwa saa 3: 20:00 ya Dodoma ni 17:00 kwao.

Tarehe ina mtego wake. "Jumapili usiku saa saba" kwa kalenda ni Jumatatu, 01:00. "Usiku wa kuamkia Jumatatu" unaweza kuwa saa tatu ya Jumapili au saa tisa ya Jumatatu. Uliza hivi: "Ulipoamka asubuhi yake, ilikuwa siku gani?"

Shahidi ambaye hakutazama saa bado anaweza kukusaidia. Adhana ya Isha ilikuwa imeshatoka? Taarifa ya habari ya saa mbili ilikuwa imeanza? Ng'ombe walikuwa wamefungwa? Treni ilikuwa imepita? Majibu mawili ya aina hii hubana muda hadi dakika kumi na tano, na hizo zinatosha.

Kwa upande wa anga, simama naye palepale alipokuwa, aelekeze kwa mkono, wewe usome dira. Usikubali "upande wa Msalato" au "kule Ihumwa". Mtu akiwa Nala na mwingine akiwa Ntyuka, Msalato si upande mmoja.

Umefaulu kama: unaweza kuandika mstari kama huu: Juni 14, 19:40, kosa la dakika 10, kusini 6.17, mashariki 35.74, ilianza nyuzi 220, ikaishia nyuzi 60.

## Hatua ya 3: Pima kwa mkono ulionyooshwa

Usiku, kitu kisichojulikana ukubwa wake hakijulikani umbali wake. Jicho halina uwezo huo, liwe la rubani au la mchunga mbuzi. Unachoweza kupima ni nafasi kinayochukua angani.

Mkono ukinyooshwa kabisa, ngumi ni kama nyuzi 10, kidole gumba nyuzi 2, kidole cha mwisho nyuzi 1. Mwezi mpevu ni nusu nyuzi, yaani nusu ya upana wa kidole cha mwisho, na karibu kila mtu hukataa hadi ajaribu mwenyewe.

Mazungumzo na mzee mmoja wa Kigwe yalikwenda hivi:

— Babu, hiyo taa ilikuwa kubwa kiasi gani?

— Kubwa, mjukuu wangu. Kama nyumba ile.

— Nyoosha mkono, fumba jicho moja. Ungeifunika kwa kidole gani?

Alinyoosha, akafumba jicho, akajaribu gumba, akalishusha. Akainua kidole cha mwisho.

— Hiki. Na kingebaki.

Mzee hakudanganya mahali popote. Mwanga mkali gizani hujaza macho, na neno "nyumba" ndilo lililokuwa karibu. Daftarini unaandika yote mawili: "kama nyumba" na "chini ya nyuzi 1".

Uliza pia swali hili, ambalo mimi nalithamini kuliko yote: kilipita mbele ya nini? Kama kilipita mbele ya mbuyu, paa au jabali, umepata mpaka wa umbali. Kama kilikuwa na anga tupu nyuma yake, huna umbali, na usiuandike.

## Hatua ya 4: Toa lebo ya kwanza, ya aina

Mgawanyo unaotumika zaidi duniani ni wa J. Allen Hynek, mwanaastronomia wa Marekani aliyekuwa mshauri wa Jeshi la Anga la nchi hiyo kwenye uchunguzi wa taarifa hizi. Aliuchapisha mwaka 1972. Una makundi sita, na vifupisho hivi ni vya Kiswahili kwa ajili ya daftari lako:

- TU, taa ya usiku. Mwanga gizani, umbali haujulikani. Taarifa nyingi mno huishia hapa.
- SM, sahani ya mchana. Kitu chenye umbo, kimeonekana mchana kwa mbali. Si lazima kiwe na umbo la sahani.
- RM, rada na macho. Rada imekinasa na macho yamekiona kwa wakati mmoja. Bila rekodi ya rada mkononi, usiliguse kundi hili.
- K1, makutano ya karibu ya aina ya kwanza. Kitu kimeonekana ndani ya mita 150 hivi, bila kuacha athari.
- K2, aina ya pili. Kama K1, lakini kimeacha athari: udongo ulioungua, gari lililozimika, wanyama waliotaharuki, mtu aliyeumia.
- K3, aina ya tatu. Shahidi anadai kuona viumbe.

Baadaye wengine waliongeza aina ya nne, madai ya kutekwa, na hata ya tano, madai ya kuwasiliana na viumbe. Hynek hakuwa nazo kwenye orodha yake, na ya tano kila mtu huielezea kivyake. Mimi hutumia K4 pale tu shahidi mwenyewe anapodai kuchukuliwa, na ya tano situmii.

Mita 150 ni kama uwanja wa mpira mmoja na nusu. Rudi kwenye jibu la "kilipita mbele ya nini". Kama jibu ni "anga", taarifa ni TU hata shahidi aape kilikuwa juu ya paa lake. Hili huwaudhi watu. Mweleze kwa upole kwamba lebo inahusu kipimo, na maneno yake yamebaki salama kwenye ukurasa wa kwanza.

Umefaulu kama: mtu mwingine akisoma daftari lako, bila kukuuliza, anatoa lebo hiyo hiyo.

## Hatua ya 5: Pitisha kwenye chujio la mambo ya kawaida

Hii ndiyo kazi yenyewe. Itengee jioni nzima.

Anza na muda. Sekunde chache ni kimondo. Kitu kinachowaka, kinachogawanyika vipande na kuvuka anga taratibu kwa dakika moja au zaidi ni mabaki ya roketi au satelaiti yakirudi duniani. Nukta nyeupe tulivu isiyomweka, ya dakika nne hadi sita, ni satelaiti. Inayong'aa kuliko nyingi ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachozunguka kilomita 400 hivi juu yetu. Taa iliyokaa saa nzima ni sayari, nyota, mnara wa simu, au moto wa nyika kwenye mlima usiouona gizani.

Msururu wa taa. Tangu Mei 2019 satelaiti za intaneti za Starlink hurushwa kwa makundi, na siku za mwanzo hupita zimejipanga mstari mmoja, kwa kawaida kutoka upande wa magharibi kwenda mashariki. Huzimika moja baada ya nyingine mahali pamoja angani, kwa sababu hapo ndipo zinapoingia kwenye kivuli cha Dunia. Watu hukiogopa sana kule kuzimika, na kumbe ndiyo alama bora ya kuzitambua.

Hapa kwetu, karibu na ikweta, jua hushuka chini haraka baada ya kuzama. Ndiyo maana satelaiti za chini huonekana zaidi ndani ya saa moja na nusu hivi baada ya magharibi, au kabla ya jua kuchomoza. Msururu wa saa sita usiku hauelezwi kirahisi na Starlink. Wasomaji wengi huandika "Starlink" bila kuangalia saa, na huo ni uvivu uleule wa anayeandika "viumbe".

Zuhura. Ni sayari, ile nyota ya jioni, ambayo wakati mwingine huwa ya alfajiri. Haitoki mbali na jua zaidi ya nyuzi 47, hivyo huitafuti usiku wa manane. Sayari ya Mshtarii inaweza kukaa usiku kucha. Nyota angavu kama Sirius ikiwa chini, karibu na upeo wa macho, hupepesa nyekundu, kijani na bluu kwa sababu ya hewa.

"Lakini ilikuwa inatembea!" Kodolea nyota moja gizani kwa dakika mbili nawe utaiona inatembea. Ndivyo macho yalivyo yanapokosa cha kushikilia. Uliza kama shahidi aliilinganisha na ncha ya paa au nguzo.

Ndege na droni. Taa nyekundu bawa la kushoto, kijani la kulia, nyeupe za kumweka. Ndege inayokuja moja kwa moja kwako na taa za kutua huonekana imesimama angani kwa dakika kadhaa, kisha "inaruka" ghafla upande inapokata kona. Kukosekana kwa sauti si hoja: ndege iliyo kilomita 10 juu, sauti yake hukufikia baada ya nusu dakika hivi, na upepo wa Dodoma huweza kuipeleka kwingine. Kumbuka si ndege zote huonekana Flightradar24. Za kijeshi mara nyingi hazimo.

Mchana. Baluni, tai aliye juu sana akipigwa na jua, turubai jepesi lililonyanyuliwa na kisulisuli.

Umefaulu kama: kwa kila jambo la kawaida umeandika sababu ya kulikubali au kulikataa. Neno "hapana" peke yake halihesabiki.

## Hatua ya 6: Kagua alama na picha

Kwa K2, piga picha alama kabla hujaikanyaga, ukiweka rula pembeni, kisha pima kipenyo na pembe zake. Duara la udongo ulioungua huku kwetu mara nyingi ni tanuri la mkaa la zamani. Duara lenye nyasi tofauti na za jirani huenda lilikuwa zizi: samadi ya miaka hubaki ardhini muda mrefu baada ya watu kuhama. Waulize wazee eneo lilikuwa la nani. Gari lililozimika, kagua betri kwanza. Ng'ombe waliotimka, ulizia fisi.

Picha na video ziombe faili halisi kutoka simu iliyopiga. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza taarifa za saa na mahali. Mwambie aitume kama hati. Kisha chora mstari kutoka kwenye taa kali iliyo pichani kupitia katikati ya picha. Kama "kitu" kiko upande wa pili kwa umbali sawa, hiyo ni taswira ya taa ndani ya lenzi. Na siku hizi akili mnemba hutengeneza sahani nzuri kuliko za mashahidi, hivyo picha isiyo na mpigaji anayeongea nawe haina uzito.

Onyo: kitu kilichoanguka usikiguse. Desemba 30, 2024, pete ya chuma ya kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Mabaki ya namna hiyo yanaweza kuwa na masalia ya mafuta yenye sumu. Kaa mbali, zuia watoto, mwite mtendaji wa kijiji na polisi. Na usifuate taa hadi kwenye kambi ya jeshi, uwanja wa ndege au Chamwino Ikulu na kamera mkononi.

## Hatua ya 7: Madai ya viumbe, nenda taratibu

Shahidi wa K3 au K4 amekuamini na jambo linaloweza kumfanya achekwe mtaa mzima. Mheshimu.

Kama ameumia, hospitali kwanza. Kama amepotea saa kadhaa asizozikumbuka, huenda kuna ugonjwa au uhalifu, na hayo yana wataalamu wake.

Madai ya kuchukuliwa kitandani ulizia kwa makini. Mtu kaamka, kashindwa kusogea, kitu kizito kifuani, kuna aliyesimama chumbani: hilo bibi zetu walishaliita jinamizi, na madaktari wanalijua kuwa ni kupooza kwa muda kati ya usingizi na kuamka. Hofu yake ni ya kweli kabisa. Usikubali mtu alazwe kwa hipnosi, yaani usingizi bandia, ili "akumbuke zaidi", maana njia hiyo huzalisha kumbukumbu za mambo ambayo hayakutokea.

Watoto uwahoji mbele ya mzazi, kila mmoja peke yake, siku hiyo hiyo. Tukio la Shule ya Ariel, Ruwa, Zimbabwe, la Septemba 16, 1994 linaonyesha kwa nini. Wanafunzi wapatao 60 walisema waliona kitu kimetua, na baadhi walisema waliona viumbe. Kwa aina ni K3 bila ubishi. Lakini siku mbili kabla, mabaki ya roketi yaliwaka angani kusini mwa Afrika na habari za taa hizo zilikuwa zimeenea, na watoto waliongea wao kwa wao kabla ya kuhojiwa kwa kina. Mpaka leo watu wanabishana, na ubishi hauishi kwa sababu mahojiano ya mapema, ya mmoja mmoja, hayakufanyika kwa wote.

## Hatua ya 8: Toa lebo ya pili, ya matokeo

Hapa natumia herufi za GEIPAN, ofisi iliyo chini ya shirika la anga la Ufaransa, CNES, iliyoanza kazi hii mwaka 1977 kwa jina la GEPAN.

- A: kimetambuliwa bila shaka.
- B: kimetambuliwa kwa uwezekano mkubwa.
- C: hakikutambuliwa kwa sababu taarifa hazitoshi.
- D: hakikutambuliwa ingawa taarifa zinatosha.

Tofauti ya C na D ndiyo inayowashinda wasomaji wengi. Chukua mfano wa kutunga: mkulima wa zabibu Hombolo aliona taa kama ishirini kwenye mstari, saa moja na nusu usiku, kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, zikazimika moja moja. Ana tarehe, Heavens-Above inaonyesha msururu uliopita dakika hizo: TU, A. Ondoa tarehe. Umbo bado linafanana na Starlink, hivyo TU, B. Sasa ondoa na saa, na mwelekeo, na kule kuzimika, ibaki "taa nyingi usiku". Hiyo ni C. Haijawa ya ajabu zaidi kwa kuwa unajua machache. Imekuwa maskini zaidi.

D inahitaji saa, tarehe, mwelekeo, vipimo, ikiwezekana shahidi zaidi ya mmoja aliyehojiwa peke yake, na chujio lote la hatua ya 5 likiwa limeandikwa. Jeshi la Anga la Marekani lilipofunga Blue Book, mradi wake wa kuchunguza taarifa hizi, mwaka 1969 lilikuwa na taarifa 12,618, na 701 ndizo zilizobaki bila kutambuliwa. Ukiona nusu ya daftari lako ni D, rudia hatua ya 2.

Na D yenyewe haisemi "viumbe". Inasema hakijatambuliwa, basi.

## Hatua ya 9: Ongeza tarakimu tatu za uzito

Jacques Vallée, mtafiti mzaliwa wa Ufaransa, alipendekeza tarakimu tatu, kila moja kutoka 0 hadi 4: uaminifu wa chanzo, ubora wa ukaguzi wa eneo, na ugumu wa kupata maelezo ya kawaida. Habari ya kusikia kwa mtu usiyemjua ni 0 au 1 kwenye chanzo; umemhoji shahidi mwenyewe ana kwa ana, ni 3 au 4. Hukufika eneo, ya pili ni 0, hata ukiwa na sababu nzuri ya kutofika. Ya tatu ni 0 kama maelezo ya kawaida yanaingia bila kulazimisha.

Vallée aliona kesi yenye angalau 2 kila mahali ndiyo ya kuangaliwa kwa uzito. Mkulima wetu, ukimhoji kwake mwenyewe, anaweza kusoma TU, A, 320: chanzo kizuri, eneo limekaguliwa, na hakuna fumbo lolote.

## Hatua ya 10: Hifadhi, na uwe tayari kurudia

Funga ukurasa kwa lebo kamili, tarehe ya uamuzi na sahihi yako. Jina la shahidi liweke kwenye daftari tofauti lililofungiwa. Kwenye nakala ya kugawa andika "mkulima, Hombolo" tu.

Ukipata habari mpya, usifute. Piga mstari mmoja juu ya herufi ya zamani isomeke bado, andika mpya pembeni pamoja na tarehe na sababu. GEIPAN wenyewe wamezirudia kesi zao za zamani, na baadhi zilizokuwa D zimehamia A au B baada ya kukaguliwa upya kwa zana za leo. Kwa hiyo kila mwanzo wa kiangazi, toa kesi zako za D na C, fungua Stellarium, na anza tena hatua ya 2.